Vipimo Kumi na Vitano vya Ukimya

3 Februari

Shangazi, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe pamoja na miwani yako. Sisi hatujambo. Goti la mama limepoa tangu alipoacha kupanda ngazi kwenda kugombana na jirani wa juu. Siku hizi anagombana naye dirishani. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na amegundua mluzi mpya ambao hakuna aliyemwomba.

Leo nakuandikia kama kiongozi wa Bendi ya Matarumbeta ya Idara ya Maji. Tarehe 30 Juni litazinduliwa tangi jipya, na mkuu wa idara ameagiza tupige wimbo "ambao watu wanaujua, siyo zile nyimbo zenu za mazishi." Wimbo ambao watu wanaujua mwaka huu ni mmoja tu: ule wa dada anayemkodolea macho bwana kwenye simu, na bwana anaandika, anafuta, anaandika, anafuta. Unapigwa kila kona. Nahisi hata pampu namba mbili imeshaukariri. Tatizo ni kwamba karatasi zake za nota kwa ajili ya matarumbeta hazipatikani popote. Tulijaribu kuupiga kwa kusikiliza, na kila mtu alikuja na wimbo wake.

Mpiga tarumbeta wa kwanza, yule dada wa kitengo cha mita tunayemwita Mapafu, alilifungua kabati, akapekua, akaniambia, "Kiongozi, humu ndani kila kinachopigika ni mwandiko wa shangazi yako. Mwandikie."

Tupo kumi na mmoja: tarumbeta nne, honi mbili, tromboni tatu, tuba moja, lile joka la sauti nene, na ngoma kubwa.

Nakuomba sana.

Mwanao


19 Februari

Mwanangu, marahaba.

Miwani ni mizima, nami nafuata nyuma yake. Mpe mama yako pole ya goti na pongezi za dirisha. Kuhusu mluzi, mwambie mjukuu wangu aanze na sauti ndefu, asiharakishe.

Kazini tumo katika msimu wa uhakiki. Nimekabidhiwa kitabu cha hesabu cha darasa la sita, na wajibu wangu, kama ujuavyo, ni kukokotoa kila swali ili nijiridhishe kwamba jibu lililochapwa nyuma ni jibu kweli. Katika maswali mia nne na kumi nimekamata makosa tisa. Mwandishi ana shahada mbili. Naendelea kumheshimu, kwa kiasi.

Wimbo wako nimeusikiliza mara ishirini na sita. Mara tatu za kwanza niliudharau. Mara ya nne nilibaini kwamba kiitikio hakirudi kinapotarajiwa: kinachungulia, kinajificha, kisha kinaingia kwa mlango mwingine. Kuanzia mara ya tisa nilisikiliza nikiwa nimesimama. Mara ya kumi na nne jirani aligonga na kuuliza kama nimepata mchumba. Nimezigawa sauti hivi: tromboni zinaandika, tarumbeta zinafuta, na honi ndizo dada mwenyewe, aliyevimba.

Furushi limeambatana na barua hii, karatasi moja kwa kila mpigaji, wino mweusi. Utaona kwamba, wimbo ukihesabiwa mapigo manne manne, katika vipimo vyake sabini na viwili tuba inakaa kimya vipimo sitini na vinne. Ni uamuzi wa kisanaa.

Sikuuliza ni nani anayepiga tuba siku hizi, na sitauliza.

Shangazi yako


15 Machi

Shangazi, shikamoo, na hongera kwa makosa tisa.

Furushi lilifika Jumanne, limefungwa kwa uzi wenye mafundo manne. Mama alituzuia kuukata. "Uzi wa wifi yangu haukatwi," alisema, akayafungua moja moja kwa sindano huku bendi nzima ikimsimamia kama wagonjwa wanaosubiri daktari.

Tuliupiga siku hiyohiyo, saa kumi alasiri, katika stoo ya mabomba. Shangazi, sijui nieleze vipi. Ulipofika ule mgeuko wa kiitikio, tromboni zikiandika na tarumbeta zikifuta, Bwana Stoo wa ngoma kubwa aliacha kupiga akaanza kucheka. Wasoma mita waliokwisha kutoka getini waligeuza pikipiki zao. Mhasibu alicheza. Mhasibu, Shangazi! Alicheza akiwa amelikumbatia faili kifuani, na alipokumbuka kwamba ana cheo alikuwa ameshazunguka mara mbili.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Tuba bado inapigwa na baba yangu ambaye, isipokuwa kama kumbukumbu zangu zina hitilafu, ni kaka yako wa tumbo moja.

Alihesabu nota zake, akakuta nane. Siku iliyofuata alikuja mazoezini na gazeti. Katika kila ukimya wake analifungua na kutusomea matangazo madogomadogo, kwa sauti, katika mwendo wa wimbo: "Kabati. La milango. Mitatu. Halijatumika." Juzi alichoka na gazeti akapiga tu, palepale katikati ya kimya, nota moja nene iliyotikisa rafu za mabomba.

Nilimwambia, "Baba, hapo ni kimya."

"Najua. Nimevumilia vipimo thelathini na kimoja. Hiki cha thelathini na mbili kimenishinda."

"Lakini karatasi inasema..."

"Hiyo siyo karatasi ya tuba, mwanangu. Hiyo ni hati ya kifungo."

Watu walicheka hadi Mapafu akalazimika kukaa chini. Mimi sikucheka sana, kwa sababu kuna jambo sikukuandikia Februari. Tarehe 30 Juni ndiyo siku ambayo baba anastaafu. Miaka thelathini na minne ya kusoma mita na kufunga mabomba inaishia siku hiyo, na tuba inarudi stoo. Jana amenitamkia kwamba hatakuja: "Kama kazi ni kukaa kimya, nyumbani nina kiti kizuri zaidi."

Shangazi, muongezee nota. Hata kumi.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Wasalimie wote. Mhasibu msalimie kipekee.

Ombi lako nimelitafakari na nimelikataa. Kwa kuwa ulikuwa kijana wa shule wakati ule na huenda ulisimuliwa kwa kupotoshwa, nakuwekea mambo katika mpangilio wake.

Miaka kumi na moja iliyopita, nikiwa bado napiga tromboni katika bendi hiyohiyo, niliuandikia matarumbeta ule wimbo wa zamani wa dansi kuhusu bwana aliyerudi nyumbani na kiatu kimoja. Mwishoni, tarumbeta zilipaswa kupiga peke yao vipimo kumi na sita, kwa upole wa mtu anayetembea kwa ncha za vidole. Tuba ilipaswa kunyamaza vipimo vyote hivyo, kisha, katika cha kumi na saba, iingie na bendi nzima. Huo ndio mlango bwana anaougonga.

Asubuhi ya onyesho bomba lilivuja kabatini na karatasi ya tuba ikalowa. Nilimwandikia nyingine mwenyewe, kwa dakika kumi, nikiwa nimesimama. Naitaja hii ili ujue kwamba alihudumiwa.

Jioni, mbele ya watu mia tatu, tarumbeta zilipofika kipimo cha kumi na sita, pale palipo laini kuliko pote, tuba ilinguruma. Ilikuwa mapema kwa kipimo kimoja kamili. Mgeni rasmi alijimwagia soda, na watu walicheka mpaka wimbo ukafa. Nilisimama nikamuuliza mpiga tuba, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika, kama amewahi kufundishwa kuhesabu. Alilifunga sanduku la tuba akaondoka, na mpaka leo hajanijibu.

Mtu asiyeweza kuhesabu mpaka kumi na sita haongezewi nota. Anapunguziwa nafasi za kukosea. Hiyo si chuki, ni uhakiki.

Shangazi yako


24 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Mama mzima, mjukuu mzima, mluzi mzima.

Jumamosi niliamua kulisafisha sanduku la tuba kabla ya kulirudisha stoo. Kile kitambaa chekundu cha ndani kilikuwa kimebanduka pembeni, na nilipokivuta ili nikigundishe upya, ilitoka karatasi iliyokunjwa mara nne. Juu imeandikwa jina la wimbo wa kiatu kimoja. Mwandiko ni wako, ile saba yako yenye mstari katikati na kila kitu. Mwishoni, juu ya alama ya kunyamaza, pameandikwa namba.

Nilisoma namba hiyo mara nyingi. Kisha nilikwenda kuiweka mezani mbele ya baba, aliyekuwa akimenya chungwa.

Hakuacha kumenya. "Rudisha ulipoitoa," alisema.

"Baba, uliijua?"

"Mimi husoma mita, mwanangu. Nikiona namba huwa naijua."

"Kwa nini basi hukumwonesha siku ileile?"

Alimaliza chungwa lote kwanza. "Wiki ile alikuwa amepata kazi ya kukagua hesabu za watu," alisema. "Ungekuwa wewe, ungemwonesha?"

Shangazi, sikuirudisha nilipoitoa. Naiambatisha hapa, bila ruhusa ya mwenye sanduku, na kama kuna lawama ni zangu. Maoni sina.

Mwanao


20 Mei

Shangazi, shikamoo.

Leo ni siku ya ishirini na sita tangu nitume ile barua. Posta wananiambia ilifika. Mama anasema nimeua mtu kwa karatasi. Baba amelikagua sanduku, amekuta kitambaa kimegundishwa vizuri na hakuna kitu chini yake, na tangu hapo ananitazama kama bomba linalovuja mahali asipopaona.

Bado anasema hatakuja. Zimebaki siku arobaini na moja.

Andika hata mstari mmoja. Hata wa kunitukana.

Mwanao


6 Juni

Mwanangu, marahaba.

Sina sababu ya kukutukana. Barua yako ya Aprili niliipata pamoja na kilichokuwemo. Kuhusu kilichokuwemo, kwa sasa sina la kusema, na naomba usinihimize.

Furushi hili ni toleo jipya. Choma lile la zamani, au mpe mhasibu alikumbatie. Utaona kwamba tuba sasa ina nota mia moja na themanini na saba, baadhi ngumu. Ndiyo sauti ya bwana mwenyewe, yule wa kwenye simu, na ni haki kwamba katika wimbo unaomhusu naye asikike.

Baada ya kiitikio cha mwisho nimeunganisha ule mwisho wa wimbo wa kiatu kimoja, kwa badiliko. Tarumbeta zinapiga peke yao vipimo kumi na vitano, kisha zinanyamaza. Katika kipimo cha kumi na sita inaingia tuba, yenyewe, hakuna mwingine hata wa kupumua. Katika cha kumi na saba mnaingia wote. Soma tena kama hujaelewa: yeye anaingia katika cha kumi na sita, na nyinyi ndio mnaomfuata. Aliyeingia hapo hakuwahi kuwahi.

Karatasi ya tuba imo katika bahasha iliyofungwa. Mpe mwenyewe mkononi. Usimwongezee maneno yako, unayo mengi.

Mimi sitakuja. Kitabu cha darasa la saba kimenifikia na hali yake ni mbaya.

Shangazi yako


2 Julai

Shangazi, shikamoo.

Kwa kuwa hukuhudhuria, ni wajibu wangu kukupa taarifa kamili.

Bahasha nilimpa mkononi. Aliifungulia chooni. Alikaa humo dakika ishirini, akatoka, akaniuliza, "Mazoezi ni saa ngapi?" Gazeti sijaliona tena. Kwa wiki tatu alipiga nota zako mia moja na themanini na saba nyumbani, kwenye veranda, na jirani wa juu ameomba amani na mama kwa masharti yoyote. Katika mazoezi alinyamaza vipimo vyake kumi na vitano na kuingia katika cha kumi na sita kila siku, bila kukosea hata mara moja.

Tarehe 30 jua lilikuwa kali. Tangi lilimeremeta, viti vilijaa, waliokosa viti walisimama bustanini. Mgeni rasmi alikuwa mbele kabisa na glasi ya kwanza ya maji mapya mkononi. Tulipoanza "anaandika, anafuta," watu walipiga ukelele mmoja kama waliokuwa wamepangiwa. Wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo, wote walikuwa wanaandika hewani kwa kidole na kufuta kwa kiganja. Mkuu wa idara, yule wa nyimbo za mazishi, alifuta mpaka akamfuta miwani mwenzake. Na baba, Shangazi! Alivimba mashavu, akatingisha kichwa, akampiga yule bwana wa kwenye simu kwa ubishi mtupu. Kila alipojibu, watu walimzomea kwa furaha: "Mwongo huyo!"

Kisha ukaja mwisho. Tarumbeta zikatembea kwa ncha za vidole. Mimi nilikuwa nahesabu kwa midomo. Kumi na mbili, kumi na tatu. Hapo nilimwona baba akiinua macho kutoka kwenye karatasi na kutazama nyuma kabisa, karibu na bomba la bustani, aliposimama mama mmoja mwenye mwavuli wa kijani. Kumi na nne. Kumi na tano. Tarumbeta zikanyamaza. Nikamshushia fimbo.

Hakuingia.

Shangazi, kipimo kizima! Wapigaji kumi wakiwa na midomo wazi, mimi nikiichapa hewa kwa fimbo kama anayefukuza nzi, na hakuna kilichosikika isipokuwa pampu namba mbili. Watu wakadhani tumemaliza, wakaanza kupiga makofi. Mgeni rasmi naye akadhani hivyohivyo, akainuka na glasi yake: "Ndugu wana—"

Ndipo baba akaingia. Katika cha kumi na saba, sawasawa, kwa pumzi zote za miaka kumi na moja, na sisi sote tukaingia pamoja naye kama mlango uliobomoka. Mgeni rasmi alikaa chini bila kupanga. Maji yote yalimwishia kwenye tai. Makofi yaligeuka vifijo, na tuliurudia mwisho huo mara tatu, na mara zote tatu watu walitaka ule ukimya uwepo.

Baadaye nilimshika mkono. "Baba, ilikuwa kumi na tano! Karatasi yako inasema kumi na tano!"

"Aliandika nilivyopiga mimi mwaka ule," alisema, akijifuta jasho, "nami nimepiga alivyotaka yeye. Tatizo liko wapi?"

Mama yule wa mwavuli alikuwa amefanana nawe sana. Alicheka mpaka akalishikilia bomba la bustani kwa mikono miwili, na bomba likafunguka, na wanne waliokuwa karibu wakaloa. Baba alijaribu kumfuata, lakini kutoka katikati ya umati ukiwa umevaa tuba si kazi rahisi, na alipofika hapo alikuta mwavuli tu. Una kibandiko kwenye mpini kinachoonesha tarehe ya kununuliwa.

Baba ameutundika kwenye ndoano ya tuba. Jana mvua ilinyesha na amekataza mtu yeyote asiuguse.

Mwanao


9 Julai

Mwanangu, marahaba.

Mwavuli ni wangu. Ulinunuliwa kihalali.

Taarifa yako nimeihakiki. Walioloa walikuwa sita. Mengine ni sahihi.

Naambatisha karatasi mbili. Ya kwanza ni ile uliyoitoa chini ya kitambaa. Namba iliyokuwa juu ya alama ya kunyamaza, kumi na tano, ni kosa, na kosa hilo liliandikwa na mimi. Nimelikata kwa wino mwekundu, nimeandika kumi na sita pembeni, nimetia sahihi na tarehe, kama ninavyowafanyia waandishi wenye shahada. Irudishe chini ya kitambaa, ni mali ya sanduku.

Tangu Aprili nimekuwa nikifanya hesabu moja ambayo haitoki. Mtu ana jibu sahihi mkononi kwa miaka kumi na moja, anaulizwa mbele ya watu mia tatu kama anajua kuhesabu, naye analikunja jibu mara nne ili dada yake aamke kesho aende kazini. Nimeikokotoa kwa kila njia niijuayo. Nyuma ya kitabu hakuna jibu.

Karatasi ya pili ni ukurasa mpya wa mwisho wa wimbo, kwa kuwa naona watu wameuzoea. Kipimo cha kumi na sita sasa ni tupu kwa wote, na juu yake nimeweka ile alama ya nusu duara yenye nukta, inayowaamuru wapigaji wasubiri. Urefu wa kusubiri sikuuandika. Utaamuliwa na tuba, hata akiwa mstaafu. Mwambie mkuu wa idara kwamba tuba hiyo hairudi stoo, la sivyo nitaomba kuhakiki taarifa yake ya mwaka.

Nitafika Jumamosi kwa basi la asubuhi kuchukua mwavuli. Mama yako asipike sana, nitakaa wiki mbili tu. Mwambie kaka yangu asije kunipokea kituoni na tuba. Sisi ni watu wazima.

Nimeisoma tena sentensi hiyo kabla ya kufunga bahasha, na nimekamata kosa. Aje nayo.

Shangazi yako